Sufuria ya Maharage Kule Mlimani

Ndugu zangu, kabla hatujaingia kwenye somo letu, nipeni dakika chache niwapandishe mlimani. Msiwe na wasiwasi, viatu hamhitaji. Wazee mlio huku mbele nitawabeba mwenyewe. Na ninyi mnaopenda kukaa nyuma karibu na ule mlango wa pili, nawafahamu, mtapanda huku mnatafuta njia ya kushukia.

Kulikuwa na kwaya moja ya mji wa joto. Nasema joto lile ambalo mtu akioga saa moja asubuhi, saa mbili anatafuta tena ndoo. Kwaya hiyo ilitimiza miaka ishirini na mitano, na wanakwaya wakakataa kusherehekea kwa keki na soda kama kila mtu. Walikubaliana kwenda kupiga kambi juu kabisa kwenye msitu wa mlima, walale huko, na alfajiri wapande mpaka jabali la kileleni. Jua likichomoza, waimbe ule wimbo wa kwanza kabisa waliouimba siku kwaya ilipoanzishwa. Mwaka mzima hawakuwa na habari nyingine. Walishona fulana, wakagawana sauti upya, na wale wazee wa besi wakaanza mazoezi ya kukimbia. Mtaani watu walitoka nje kuwatazama.

Sasa, katika watu hao arobaini alikuwamo mama mmoja ambaye haimbi. Ninyi mnamjua mama wa namna hii, hata hapa tunaye, na sitamtazama. Huyu ni wa jikoni. Miaka yote ishirini na mitano yeye ndiye aliyeshika mwiko, kwenye makongamano, harusi na misiba. Sifa yake kubwa ilikuwa maharage ya nazi. Na alikuwa na utaratibu wake: haonji. Analoweka maharage usiku kucha, anayabandika, anasikiliza sufuria. Mfuniko ukianza kucheza, anahesabu saa mbili, anatia tui, anaepua. Na akishaepua anapakulia watu wote, mpaka wa mwisho, ndipo yeye naye ale. Mpishi kula kabla ya wageni kwake ilikuwa aibu.

Hakuna aliyewahi kumpa neno lolote isipokuwa sifa. Nani angethubutu? Mama ambaye siku ukifiwa yeye ndiye atakayesimama kwenye moshi nyumbani kwako, utamwambia leo chumvi imezidi?

Basi wakaenda. Mama alipanda na sufuria yake kubwa, maharage aliyoyaloweka tangu jana, nazi kumi, na mbuzi yake ya kukunia. Mwanaume mmoja wa sauti ya tatu alipewa kuibeba mbuzi ile, na njiani kila aliyekutana naye alimuuliza huko juu anakwenda kukuna nini. Walifika kambini karibu saa tano asubuhi. Miti ya huko ni mikubwa, imeota ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi, na baridi yake si ya kawaida. Sauti ya kwanza, wale wanaotupasulia masikio hapa, walikuwa wakipiga hatua tatu wanapumzika. Mama mmoja wa sauti ya pili alivaa sweta, juu yake kanga mbili, juu yake fulana ya kwaya, na bado alitetemeka.

Aliyewapokea alikuwa mlinzi wa kambi, mtu wa makamo, mpole, amejizungushia skafu ya mpira shingoni. Akawaonyesha pa kusimamisha mahema, pa kuchota maji, na kuni za miti iliyoanguka yenyewe. Kisha akawaonyesha choo. Kilikuwa kimoja tu, cha shimo, mlango wa bati. Akawaambia kwa upole kwamba huku juu chakula kigumu kuiva ni maharage, na kwamba mwezi uliopita kikundi kizima kilikula maharage mabichi, hakikufika kileleni. Alfajiri, badala ya kupanga mstari wa kupanda jabali, walipanga mstari wa kwenda kwenye bati lile. Wakashuka nyumbani wameshika matumbo.

Kwaya ikacheka sana. Watu huwa tunacheka sana habari za kikundi kingine.

Mama alikuwa ameshaanza kupanga mafiga. Mlinzi akamsogelea, akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, maji ya huku yana haraka. Yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ukiyaona yanaruka usiyaamini."

Mama akamwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu ambaye hajui anaongea na nani. Akamjibu, "Ahsante, kaka yangu. Lakini maharage nimeanza kupika kabla ya huu msitu wako kuota." Watu wakapiga makofi, na mwalimu wa kwaya ndiye aliyepiga zaidi.

Sufuria ikabandikwa. Na kweli, ndugu zangu, ilichemka upesi kuliko ilivyowahi kuchemka kule mjini. Mfuniko ukacheza, mvuke ukapanda mpaka kwenye ndevu za miti, harufu ya nazi ikatandaa kambi nzima. Ungepita hapo ungesema chakula tayari. Mama alihesabu saa zake mbili, akatia tui, akaepua. Saa nane na ushee watu wote wamekaa kwenye magogo, sahani mapajani, wameshikwa na njaa ya kupanda mlima. Wakaomba, wakaanza kula.

Haki ya nani, yale hayakuwa maharage. Yalikuwa kokoto zilizopakwa tui. Mtu wa kwanza aling'ata, akanyamaza. Wa pili akang'ata, akamwangalia wa kwanza. Kila mmoja akakumbuka choo cha bati. Kila mmoja akakumbuka jabali, na wimbo, na mwaka mzima wa mazoezi. Wote walijua kitakachowapata asubuhi wakila kile chakula.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Mama amesimama pale na mwiko wake, moshi umemtoa machozi, anawatazama anaowapenda wanakula.

Mwalimu wa kwaya akajikaza kisabuni. Akameza. Akanyanyua sauti akasema, "Mama, leo umejipita mwenyewe." Basi hapo mlango ukafunguka. Huyu akasema mikono ya mama ibarikiwe. Yule akasema nazi imekolea. Mzee mmoja wa besi, asiyekuwa na meno ya kutosha hata kwa maharage yaliyoiva, akaomba aongezewe. Aliongezewa.

Na huku wanasifu, mikono ilikuwa ina kazi nyingine. Wapo waliojaza mifuko ya makoti. Wapo waliomwaga nyuma ya mahema. Huko nyuma alikuwapo kunguru wa mlimani, mkubwa, mwenye duara jeupe shingoni kama kola yangu hii. Akaja akaokota haragwe moja, akaligeuza mdomoni, akalitema, akaondoka zake kwa miguu. Katika kambi ile nzima, kiumbe wa kwanza kusema kweli alikuwa yule mwenye kola, na yeye hakuambiwa asante.

Mlinzi naye alikuwa amealikwa. Alikaa pembeni na sahani yake, akaonja haragwe moja, akaweka sahani chini. Akamwambia mama, taratibu, neno moja. "Bado."

Watu waligeuka kumtazama kama aliyetukana. Mwalimu wa kwaya alisimama, akamwambia kwamba wao wana desturi zao, na kwao chakula cha mtu hakitiwi kasoro, hasa cha mama huyu. Mlinzi hakubishana. Akamwambia mama, "Mama yangu, hawa kesho wanapanda. Onja."

Ndipo mama, kwa hasira, ili amfunge mdomo yule bwana, akavunja utaratibu wake wa miaka yote. Akachota kwa mwiko, akatia mdomoni kabla zamu yake haijafika.

Kambi nzima ilisikia lile haragwe likipasuka.

Akatafuna polepole. Akalitazama gogo la kwanza, akalitazama la pili. Watu wakainamisha vichwa, na mmoja, katika kuinama, mfuko wa koti ukamwaga maharage chini, tii-tii-tii, mbele ya miguu ya mama.

Walimngojea agombe. Hakugomba. Alikaa kwenye jiwe, akaweka mwiko mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani mnanipenda." Kisha akauliza jambo ambalo wanakwaya wale hawakulisahau. "Sasa zile siku nyingine zote mlizonisifu, nitajuaje ipi ilikuwa kweli?"

Mwalimu wa kwaya alilia, nisiwafiche, mwanaume mzima mwenye fulana mpya. Akaenda akapiga magoti mbele ya mama, akakiri kwamba alikuwa anaogopa kumuumiza. Mama akamwambia kwamba sasa ameumia mara mbili, na haragwe moja limemkwama kwenye jino. Alipolisema hilo, mwenyewe akaanza kucheka. Ninyi mnajua kicheko cha mama wa jikoni kinavyoanzia mbali. Kikawashika wote, mpaka yule mzee wa besi akarudisha sahani zake mbili, zote zimejaa.

Mama akasimama, akamgeukia mlinzi. "Haya, kaka yangu, nifundishe." Mlinzi akamwambia aongeze maji ya moto, achochee moto usilegee, afunike, na juu ya mfuniko aweke jiwe zito mvuke usitoroke ovyo. Na asahau habari ya saa za kule mjini, badala yake awe anaonja. Jiwe lililowekwa ni lile lile alilokuwa amelikalia.

Mpaka yaive watafanya nini? Wakaimba. Walianza ukurasa wa kwanza wa kitabu chao cha nyimbo, wakawa wanauliza kila baada ya nyimbo kumi. Mama anafunua, anaonja, anawaambia, "Bado." Na wao wanaitikia kwa sauti nne, "Bado!" Wale watu ambao mchana waliliona neno hilo ni tusi, jioni walikuwa wanaliimba. Karibu saa kumi na moja u nusu, jua lingalipo kwenye matawi, mama akaonja akafumba macho. Akaanza kupakua. Na safari hii yeye alikuwa tayari ameshakula kidogo, wala mbingu haikuanguka. Kesho yake watu arobaini na mmoja walisimama juu ya jabali, kwa sababu mlinzi walimburuta naye. Mlango wa bati ulilala salama.

Mmecheka. Nimewaona. Nimemwona hata mzee wa kanisa aliyeapa kwamba hacheki ibadani.

Sasa mnatarajia niseme kwamba sisi tunachemka bila kuiva, tunaruka na mvuke mwingi na ndani ni kokoto. Ni kweli, na ningeweza kuwasema hivyo mpaka saa saba. Lakini leo sikuja kuyasema maharage. Nimekuja kuwasema ninyi mliokaa kwenye magogo. Na mimi nimekaa nanyi.

Jumapili iliyopita nilisimama pale mlangoni mkiwa mnatoka. Watu wengi mlinishika mkono mkaniambia, Mchungaji, leo umetulisha. Nikaenda nyumbani nimevimba kama andazi. Mke wangu akaniwekea chai, akaniuliza, "Hivi leo ulikuwa unataka kusema nini?" Nikanuna mpaka jioni. Usiku nilipokuwa nasali nikagundua kwamba katika kanisa zima nina mtu mmoja tu aliyeniambia bado, na ndiye niliyemnunia.

Haya, na mimi je? Pale pale mlangoni niliwauliza mmoja mmoja, habari za nyumbani? Mkaniambia nzuri, tunamshukuru Mungu. Wote. Na mimi nikawaambia amina. Wewe baba, ulijibu nzuri, na mwanao ana wiki tatu halali nyumbani. Wewe dada, ulijibu nzuri, na mkono wangu ukaung'ang'ania, nikajua, nikaugeukia mkono uliofuata. Mimi mwenye kola nilishindwa na kunguru. Nilionja nikanyamaza. Nisameheni.

Tabia hii tumeiita adabu, ndugu zangu, tumeiita heshima, hata upendo tumeiita. Lakini tukimwona mwenzetu anabeba kitu kibichi, na sisi tunampa sifa, tunamwacha apande jabali na tumbo litakalomwangusha. Neno bado si hukumu. Hukumu ni kumwaga nyuma ya hema na kwenda zako. Anayekuambia bado amekubali kukaa na wewe, kuchochea kuni, na kukuimbia kitabu kizima mpaka uive.

Kwa hiyo leo sitawaombea tu kisha mtoke. Nitasimama pale mlangoni kama kawaida, na nitawauliza habari za nyumbani kama kawaida. Kama ni nzuri, sema nzuri, tufurahi. Lakini kama siyo, usitafute maneno. Nishike mkono, uniambie bado. Sitasema amina nikakupitisha. Nitakuweka pembeni, hapo kwenye benchi la ukuta, na nitakuja kukaa na wewe.

Na ninyi wa nyuma, nimemtuma mzee wa kanisa akafunge ule mlango wenu wa pili.