Mkeka wa Mtu Mmoja

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, kitu kikishazikwa ni zamani, palikuwa na hospitali ya wilaya huko milimani. Ndani yake palikuwa na kompyuta kubwa moja iliyotunza kila kitu: majina ya wagonjwa, majibu ya maabara, hata hesabu ya chupa za damu zilizomo kwenye friji. Mashine ile ilikuwa na bongo nne, na kila ubongo ungeweza kufanya kazi yake peke yake, kama wapishi wanne katika jiko moja.

Fundi wake alikuwa mwanamke, Atupele. Siku moja wauguzi wawili waliandikia wagonjwa wao chupa ileile ya damu kwa wakati mmoja, ikabaki kidogo mtu afe. Atupele akasema, "Haitajirudia." Akaweka kufuli ndani ya mashine: ubongo mmoja ukishika ufunguo, nyingine zingoje. Lakini hakufunga friji tu, alifunga nyumba nzima, maana kufunga nyumba ni rahisi kuliko kufunga kila chumba. Anayetaka damu, angoje ufunguo. Anayetaka jibu la mkojo, angoje ufunguo. Anayeandikishwa mlangoni, angoje ufunguo. Kisha Atupele akahamishiwa wilaya nyingine, akaondoka bila kumwambia mtu kufuli lile ni la nini.

Wagonjwa wakaongezeka, mashine ikawa nzito. Wakaizima wakaiwasha, nzito. Wakalaumu umeme, wakalaumu waya, nzito. Mganga mkuu, Dokta Ambakisye, akasema, "Imechoka kichwa. Iongezwe bongo." Zikawa nane. Ikawa nzito kuliko mwanzo.

Nyie mmepika misibani, mnajua. Wapishi wanne na kisu kimoja, chakula kitachelewa. Ongeza wapishi wengine wanne na kisu kilekile, sasa kazi yenyewe inakuwa kuulizana: nani anafuata, nani anafuata.

Akaletwa fundi mpya, Lusajo. Huyu hakubahatisha. Alizitazama bongo zile mmojammoja, akakuta mmoja unafanya kazi na saba zimesimama. Akamwendea mganga mkuu.

"Dokta, bongo hazijachoka. Zinangoja kufuli."

"Nani aliliweka?"

"Dada Atupele. Nipe wiki moja nimtafute, nijue aliliweka kwa nini, ndipo nililegeze."

"Jana mzee amekata roho kwenye benchi akingoja kuandikishwa jina. Hiyo wiki kamwombe yeye. Litoe leo."

Lusajo akalitoa. Mashine ikakimbia. Benchi likawa tupu kabla ya adhuhuri, watu wakasifu.

Wiki haijaisha, wodi ya wazazi ikamwandikia Subilaga chupa ya damu. Alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Wodi ya upasuaji nayo ikamwandikia chupa ileile mwanamke aitwaye Sikujua, aliyepasuliwa tumbo. Mashine ikazijibu wodi zote mbili: ipo, ni yenu. Mhudumu wa upasuaji akawahi kwenye friji. Wa wazazi akakuta rafu tupu. Kaka yake Subilaga alikuwa nje ya mlango, damu yao kundi moja, na hakuna aliyemwomba mapema, kwa sababu mashine ilishasema ipo.

Sikujua akapona. Subilaga akafa.

Mama yake Subilaga, Bibi Tusekile, akatandika mkeka mdogo mbele ya wafiwa. Kwenye ukoo wao, mwenye kosa huja akakaa mkekani na kusema, "Ni mimi." Asipokaa mtu, matanga hayaanuliwi.

Wakaja watatu: Atupele kutoka wilaya aliyohamia, Dokta Ambakisye na Lusajo.

"Watatu?" akasema bibi. "Kosa la watu watatu ni yatima, halina wa kulilea. Mkeka wangu ni wa mtu mmoja."

Atupele akasema, "Mama, mimi niliweka kufuli ili mtu asife hivi. Lingekuwepo, mwanao angekuwa hai."

"Ukaondoka na sababu yake moyoni mwako."

Dokta Ambakisye akasema, "Mama, watu walikuwa wanakufa kwa kungoja. Ningetazama tu?"

"Uliombwa wiki moja."

Lusajo akasema, "Bibi, mimi niliagizwa. Na ugonjwa wa mashine ni mimi niliyeuona."

"Uliuona. Na ulijua kwamba hujui kufuli ni la nini. Mkono uliolitoa ni wa nani?"

Hakuna aliyekaa.

Ndipo akaja Sikujua, ameshikwa mkono na mumewe, nyuzi bado ziko tumboni. Akapita katikati yao watatu, akakaa mkekani.

"Inuka," akasema bibi. "Wewe ulipewa, hukuiba."

"Damu yake iko kwangu, mama. Niache nikae, muanue matanga."

"Inuka, mwanangu, utafumua nyuzi. Hapo si pako."

Wakamwinua. Mkeka ukabaki mtupu, na matanga yale hayajaanuliwa mpaka leo.

Haya, nyie wenye midomo. Yuko aliyefunga akanyamaza. Yuko aliyeharakisha. Yuko aliyefungua asichokijua. Na msinijibu "wote watatu", hilo bibi alishalikataa. Je, nani alistahili kukaa pale?