Maiti Mlangoni kwa Mbuna

Hapo zamani za kale, na sogeeni karibu maana haya sitayasema kwa sauti kubwa, samaki wa Ziwa Nyasa walikuwa na nyumba, majirani na misiba kama sisi.

Katikati ya mawe aliishi Mbuna, samaki mdogo mwenye mistari ya buluu. Wanawe aliwabeba kinywani, kama mama wote wa ukoo wake. Asubuhi hiyo njaa ilikuwa imemmaliza. Alitaka kuwatoa nje wacheze, naye apate kula. Lakini mlangoni, juu ya mchanga, palilala maiti.

Alikuwa Bwana Madoa, jitu la samaki, ngozi ina mabaka ya kahawia kama kitu kilichooza. Majirani walikuja kumlilia. Ajabu ni kwamba kila aliyemsogelea hakuonekana tena kwake.

Mbuna akawatema wanawe ndani ya pango lake. Mmoja akachungulia.

"Mama, maiti ananitazama."

"Maiti hatazami, mwanangu."

"Huyu anatazama."

Mbuna naye akachungulia. Jicho la maiti likageuka, taratibu, likamfuata. Akawasukuma wanawe nyuma ya jiwe, akapanda juu, akaita.

"Jamani majirani, marehemu atalala nje mpaka lini? Tumzikeni. Mchanga tumwage kutoka juu, mtu asimguse. Kumuaga ni mwisho, na wanangu ndio watatangulia, mmoja mmoja, mpaka usoni pake."

Madoa aliyasikia. Mate yakamjaa, akatulia tuli.

Basi wakaja, kila mmoja na mchanga kinywani. Pu. Pu. Pu. Mkia ukafunikwa, tumbo likafunikwa. Angeweza kuruka, wasikilizaji wangu, lakini tamaa ilimlaza palepale. Mchanga ukafika mashavuni, ukamwelemea.

Kisha sauti nyembamba ikatoka kaburini.

"Hao watoto wako wapi?"

Majirani wakarudi nyuma. Mbuna aliogopa pia, msidhani hakuogopa, lakini hakurudi.

"Maiti hasemi, Bwana Madoa. Endelea kufa."

Akamtemea mchanga wa mwisho, juu ya jicho lile. Kaburi likainuka, likashuka. Likainuka, likashuka. Halafu halikuinuka tena.

Nami naishia hapo: anayejifanya maiti asilalamike akizikwa.