Kipimo Kilichomgeukia Mpimaji

Kulikuwa na mama mmoja kijana, mpokeaji wa maziwa kituoni, na kazi yake ilikuwa hii: unaleta ndoo, anachota, anatumbukiza laktomita, ile chupa nyembamba ya kioo yenye karatasi ya namba ndani, inaelea, anasoma. Maziwa mazuri huinyanyua, yaliyotiwa maji huizamisha. Basi. Chupa haina ndugu, alipenda kusema.

Asubuhi moja chupa ikazama kwenye maziwa ya jirani yake, mjane anayeishi kwa ng'ombe mmoja.

"Mama, umetia maji."

"Mimi? Nitie maji mwanangu, ili iweje?"

"Si mimi ninayesema, ni kipimo. Ukiendelea hivi, utafutwa hapa."

Foleni nzima ikasikia. Kesho yake chupa ikazama tena, mjane akarudi nyumbani na ndoo yake imejaa, ameinamisha kichwa, na mtu akamwuliza leo ametia ya mvua au ya bomba. Mnaona tulivyo?

Sasa, yule mpokeaji naye alikuwa na ng'ombe aliyezaa karibuni, dang'a, yale mazito ya siku za mwanzo, imekwisha, na asubuhi iliyofuata akaleta maziwa yake ya kwanza kituoni, kayakamua mwenyewe, hayajaondoka machoni pake hata kidogo. Akatumbukiza chupa. Ikazama palepale ilipozama kwa mjane.

"Kumbe na kwako bomba liko zizini!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Kazi ndiyo hiyo inaondoka, akawaza, mtoto atakula nini, nani atamwamini tena? Akaifuta, akachota maji safi matupu, akaitumbukiza humo. Kwenye maji matupu, uso wa maji hugusa mstari wa sifuri. Haukugusa. Sifuri ilikuwa imezama! Karatasi ilikuwa imeteleza ndani ya kioo, kidogo tu, kiasi cha kuwapitisha wengi na kumwangusha yule ambaye maziwa yake yalikaribia mpaka.

Akawaambia watu wote palepale, kisha akakimbia hadi kwa mjane, analia.

"Mama, nisamehe, si wewe, ni chupa, karatasi imeteleza, nimeijaribu kwenye maji safi nikaona!"

Mjane akaacha kufagia. "Umeijaribu lini?"

"Leo. Iliposema maziwa yangu ni maji."

"Na iliposema yangu?"

Mjane akamtazama, halafu akacheka, akamshika mkono. "Haya, nyamaza. Mimi nashukuru ng'ombe wako amezaa. Angechelewa, ningezikwa nikiitwa mwizi wa kutia maji."

Ndugu zangu, nyote mlikuwa mnamsifu yule mama kwa kuijaribu chupa, si ndiyo? Lakini maji safi yalikuwapo kituoni siku zote! Kipimo kilipomhukumu mwingine, tulikiita haki. Kilipotugusa sisi, tukakumbuka kukikagua.

Kwa hiyo leo tushukuru. Tumshukuru Mungu kwa kila siku aliyoruhusu kipimo chetu kitugeukie, tukatetemeka, tukaaibika mbele za watu, maana bila siku hiyo tungeendelea kuwarudisha wasio na hatia kwa mikono safi kabisa. Tushukuru na kwa wale tuliowaita wezi, wakatushika mkono.

Na kesho asubuhi mtu atasimama mbele yako na ndoo yake. Kabla hujafungua kinywa, je, utachota maji kwanza?