Nyuki Waliomtakasa Kasanda

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa na nini?
— Pakawa na mtu na moyo wake.
Na moyo una mlango?
— Unao, na komeo liko ndani.

Basi hapo kale, misitu ilipokuwa mikubwa kuliko vijiji, palikuwa na watu wa Ulindwa. Kazi yao ilikuwa kurina asali, na walikuwa na desturi moja. Mtu hapandi mtini na kinyongo. Husimama chini ya mzinga, watu wakamzunguka, akasema kwa sauti, "Mungu, nichunguze moyo. Ukiona fundo, nyuki wako waniambie." Mwenye fundo hulitoa palepale, akapatanishwa na aliyemkosea, wakanywa maji kwa kata moja, ndipo akapanda. Akishuka hajaumwa, watu husema moyo wake mweupe. Akiumwa, huulizwa ameficha nini.

Desturi nzuri, au siyo? Ngojeni.

Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Kasanda mkubwa na Lubinza mdogo. Lubinza kila msimu alikuwa na la kusema. Mara amemsengenya jirani, mara amemnyima shemeji yake chumvi, mara amemwonea wivu kaka yake. Na hata baada ya kusema yote, nyuki walimuuma, akashuka uso umevimba kama boga. Watu wakacheka, wakamwita Gunia la Mafundo.

Kasanda hakuwa na la kusema. Aliomba kwa sauti nzito, yenye mdundo, akapanda, akarina, akashuka. Msimu wa kwanza hakuumwa. Wa pili hakuumwa. Wa tatu hakuumwa. Wakamwita Mweupe. Mtemi Msabila akampa kigoda ubavuni pake, na kesi za watu zikawa zinakatwa naye.

Sasa sogeeni. Kasanda alikuwa anajipaka kivumbasi. Mnakijua, kile kijani cha harufu kali tunachofukuzia mbu. Alikiponda kwa siri, akajipaka mwili mzima, nyuki wakakaa mbali. Mwanzo aliogopa sumu yao tu. Baadaye aliogopa kunyang'anywa kigoda. Kila msimu alimwita Mungu aingie, na kila msimu alikuwa amekwisha kutia komeo.

Kikaja kiangazi kikali. Ndugu wale wawili walikwenda kurina, huyu upande huu, yule upande ule. Kasanda aliposhuka mtini hakuzima kienge chake, kile kitita cha nyasi za kutoa moshi. Alikiegemeza kwenye gogo, akakaa kulamba asali. Upepo ukaja. Kienge kikashika nyasi, nyasi zikashika msitu, msitu ukashika mashamba. Mizinga iliungua. Ghala ziliungua. Na mume wa Nyamizi, aliyekuwa analima, hakurudi nyumbani.

Mtemi akauliza ni nani aliyekuwa na moto msituni. Walikuwa wawili. Wakapelekwa kwenye mti mmoja uliobaki na mzinga, nyuki waamue. Lubinza akasema fundo lake, kwamba asubuhi ile alimtukana mkewe, akapanda, akaumwa. Kasanda akasema hana fundo, akapanda, hakuumwa. Lubinza akamgeukia. "Kaka, sema neno."

Kasanda akatazama vidole vya miguu yake.

Wakamfukuza Lubinza siku ileile, yeye na mkewe na wanawe, ng'ambo ya mto, kwenye ardhi isiyo na miti ya kutundika mzinga.

Tangu hapo asali ikamwia Kasanda chungu. Siku moja alikuwa ananawa mtoni, peke yake, na yale maneno yakamponyoka bila mtu wa kuyasikia: "Mungu, nichunguze moyo." Safari hii Mungu aliitika. Hakuja kwa radi. Hakuja kwa ndoto. Alimwonyesha tu Kasanda moyo wake, akamwacha autazame.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kasanda akaondoka mbio mpaka barazani. Akasema moto ule ni wake na Lubinza hana kosa. Mtemi akafuta machozi, akawauliza watu kama wamewahi kuona mtu wa namna hii, anayebeba mzigo wa nduguye. Nyamizi, yule mjane, akaja akapiga magoti. "Hata dhambi iliyoniulia mume unaibeba wewe, baba. Mungu akulipe." Akambusu mkono.

Kesho yake Kasanda akaleta kivumbasi. Akakiponda mbele yao, akaeleza alivyojipaka, msimu hata msimu. Watu wakatazamana, wakakigombania. Dawa iliyopita mikononi mwa Mweupe! Wakajipaka wao, wakawapaka watoto wao. Msimu ule hakuumwa mtu, na hakuna aliyetoa fundo lake.

Mara ya tatu Kasanda akapanda mtini bila kupaka kitu. Nyuki wakamuuma hadi macho yakafumba, akaanguka. Akalala chini akisema, mmeona, mmeona. Mtemi akamwinamia kwa huruma.

"Nyuki hawasemi uongo, Mweupe. Umejisingizia kosa lisilo lako, ndiyo maana wamekuuma. Usirudie."

Basi Kasanda akavuka mto. Alimkuta Lubinza anachimba udongo mgumu, amekonda. Akamsimulia yote, hakuacha hata chembe. Lubinza akasikiliza, jembe mkononi.

"Nilijua, kaka. Siku ile ulinipita ukinuka kivumbasi."

"Mbona hukusema?"

"Gunia la Mafundo angeaminiwa na nani?"

Kasanda akamwomba msamaha. Lubinza akamwonyesha kwa kidole tuta la udongo nyuma ya kibanda, akamwambia ni mkewe, homa ilimchukua wakati wa masika.

"Msamaha nakupa," akasema, "sitaki kinyongo juu yako kinilimie shamba. Lakini nyumbani utanirudisha vipi?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Lubinza akainua jembe, akaendelea kulima, na kila pigo la jembe lilikuwa linamwambia kaka yake aende.

Kasanda akarudi Ulindwa. Watu walikuwa wanamngoja barazani. Wakamwosha vumbi miguuni, wakamketisha kwenye kigoda, wakamletea kesi ya mtu anayedaiwa kusema uongo. Kasanda akawaambia hafai kukata kesi ile. Wakatabasamu, wakasubiri.

Akaikata.

Mungu alimchunguza, akamwona. Binadamu hata mmoja hakukubali kumwona.

Ngano yangu imelala hapa. Mwenye kutaka kuiamsha, akaiamshie kwake, mlango ukiwa wazi.