Sauti Iliyoishia Chini ya Upenu

Mtu mmoja wa Tukuyu, jina lake Lutengano, alikuwa na mtambo wa kuongelea hewani, wa zamani, ule wenye valvu za kioo zinazowaka kama kaa. Mdogo wake, Asajile, alikuwa na wa aina hiyo hiyo kule Mpanda. Simu zilikuwa bado hazijafika kwao, kwa hiyo kila Jumamosi saa nne asubuhi ndugu hao walijuliana hali kwa mitambo yao.

Kati yao palikuwa na jambo. Kwenye matanga ya baba yao, Lutengano alimwambia mdogo wake mbele za watu kwamba amekuja kula, si kulia. Neno baya hilo, na alijua ni baya hata kabla halijamtoka. Miaka miwili akazungumza naye habari za mvua na migomba, hilo akilikwepa. Mkubwa kumwangukia mdogo si kazi nyepesi, ninyi mnajua. Halafu akasikia Asajile anaumwa kifua na hapati nafuu. Akapiga moyo konde kwamba ataomba radhi.

Ndipo mtambo ukapungua nguvu. Asajile akawa anasema anamsikia kwa mbali, maneno yanakatika. Lutengano akafungua sanduku, akapangusa vumbi, akakaza kila kilicholegea. Kisha akafanya wanavyofanya wenye mitambo hiyo: akachomoa waya wa antena, mahali pake akafunga balbu, ili nguvu ya mtambo iishie pale aione kwa macho. Balbu ikawaka kinyonge. Akabadilisha valvu iliyochoka, akapima tena, na chumba kizima kikawa cheupe. Akajipongeza.

Akarudisha antena. Mshale wa mita, ule unaoonyesha nguvu inayokwenda kwenye antena, ukapanda kidogo, ukalala. Aliuona. Lakini alikwisha kuiamini balbu yake, na nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya Tukuyu isiyojua kuaga. Asajile aliposema bado hasikii vizuri, Lutengano akaona hasira: mtambo ni mzima, basi kasoro iko kwa huyu, ana kinyongo tu, anajifanya kiziwi. Jumamosi hiyo akaomba radhi harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na kabla ya jibu akazima. Moyoni akasema, mimi langu nimelimaliza. Jumamosi mbili hakuwasha.

Wiki ya tatu paa likavuja. Alipopanda ngazi, mkono wake ukagusa mahali waya utokao ndani unapoungana na wa antena, chini ya upenu. Kiungo kikamkatikia mkononi, kimeliwa na kutu ya kijani. Ni yeye mwenyewe aliyekisokota kwa vidole miaka ya nyuma, akisema atakuja kukilehemu. Nguvu yote ilikuwa inafia hapo, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Akakilehemu siku hiyo hiyo. Akawasha, na mshale ukapanda ukasimama.

Jumamosi saa nne akamwita mdogo wake. Aliyejibu ni Tusekile, mke wa Asajile.

“Shemeji, leo unasikika vizuri kabisa,” alisema. “Asajile tumemzika Jumatano, telegramu iko njiani. Jumamosi zote mbili alikuita. Ile siku ya mwisho uliyoongea naye alisikia sauti yako tu, maneno hayakufika. Akasema atakuuliza ulikuwa unasema nini.”

Lutengano akamwambia Tusekile maneno yale yote, polepole, bila kuacha hata moja. Yalifika. Mtambo haukuwa tena na kasoro yoyote, naye akakaa mbele yake akalia mpaka valvu zikapoa.

Nawauliza ninyi mnaosema mlikwisha kuomba radhi: huyo mliyemkosea, anajua?