Damu ya Kurekebishia Mashine

Katika zahanati moja ya binafsi huko Kinyerezi, Felicitas alikuwa mpimaji wa kuaminika. Sindano yake haikumliza hata mtoto, lakini mdomo wake uliwachoma waliokwepa vipimo. "Ugonjwa haumwogopi mtu," aliwaambia, nao wakanyoosha vidole vichomwe.

Zahanati ilipoletewa mashine ya majaribio ya kupima homa ya ini, alikabidhiwa yeye. Tone la damu liliwekwa juu ya kioo kidogo na mwanga ukapitishwa chini yake. Kama virusi vimo, mwanga ulibadilika na mstari ukapanda kwenye skrini. Kila asubuhi mashine ilirekebishwa kwa damu inayojulikana kuwa safi, ambayo mstari wake ndio uliohesabiwa sifuri. Siku moja damu hiyo ilikwisha. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, Felicitas akajichoma kidole mwenyewe.

Mstari ukapanda.

"Mashine imeanza ukorofi," alisema akisonya.

Nurdin, muuguzi mwenzake, alisita. "Dada Feli, si ujipime kwanza kwa njia nyingine?"

"Mie? Miaka kumi nawapima watu, leo mniambie naumwa mie!"

Akabonyeza vitufe mpaka mashine ikauhesabu mstari wake kuwa sifuri. Tangu hapo, mwenye virusi kama vyake alisomeka kuwa buheri wa afya.

Wiki hiyohiyo alikuja mdogo wake, Vaileth, mjamzito wa miezi minane. "Nimekuja kwako, dada. Kwingine siwaamini."

Felicitas alimpima, akamkumbatia, akamwandikia kwenye kadi kuwa yu salama. Walizaliwa tumbo moja, na mama yao alikufa kwa ugonjwa wa ini, lakini hilo halikumpitia akilini.

Mtoto alizaliwa. Kwa sababu ya kadi ile, hakuna aliyemwahishia chanjo ambayo mtoto wa mama mwenye virusi huhitaji siku ileile ya kuzaliwa.

Miezi miwili baadaye wenye mashine walizipima upya damu zote zilizohifadhiwa pale zahanati. Ya Vaileth ilikuwa na virusi. Ya Felicitas pia. Mtoto ilibidi angojewe akue ndipo hali yake ijulikane.

Felicitas mwenyewe alikwenda kumwambia mdogo wake, machozi yakamtangulia. Vaileth alimsikiliza akiwa amempakata mwanawe, uso umemshuka. Hakumtukana.

"Dada, wewe ulijipima lini?"

Felicitas aliona aibu, na uchungu kwa ajili ya kile kichanga ulizidi aibu. Nusu ya Kinyerezi ilikuwa imepita mikononi mwake, isipokuwa yeye. Ama kweli, mganga hajigangi.