Karibu Ule, Mjomba Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kugombania kisima kama sisi, Fisi aliwashinda watoto wote wa kijiji kwa drafti. Na sheria yake ilikuwa moja: anayeshindwa anambebea mwenzake maji mwezi mzima! Watoto wakaota vipara kwa kujitwika ndoo.

Akabaki Tunu, binti Kindi, mdogo kama ngumi.

"Bibi, leo lazima nimshinde!"

Bibi yake akaguna. "Mh! Watoto wa siku hizi, roho juu juu! Sisi tulicheza tucheke, tunywe kahawa. Kushinda kitu gani?"

"Bibi, ndoo ya Fisi ni kubwa kuliko mimi!"

"Basi fanya kama sisi. Mgeni mlishe kwanza."

Tunu akakuna kichwa. Loo! Akaelewa, huyoo, mbio kwa Fisi.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Umekuja na ndoo kabisa? Hi-hi-hiii!"

Wakapanga kete, watoto na bibi yake Tunu wakizunguka kutazama. Drafti mnaijua, wanangu: kete ikikaa wazi mbele yako, lazima uile. Tunu akasogeza moja, akaiacha wazi.

"Karibu ule, mjomba."

Tap! Fisi akala.

"Ongeza, mjomba, usione haya."

Tap! Ya pili. Tap! Ya tatu. Mate yakamdondokea ubaoni. Kumbe kila akila, kete zake zinatoka nyumbani, zinaacha mapengo! Akala, akala, mpaka Tunu akabaki na kete mbili tu, moyo du! du! du! Aliogopa, jamani, asiwadanganye mtu.

"Umeshiba, mjomba?"

"Nimeshiba! Kachukue ndoo!"

"Basi na mimi niliyekukaribisha nile."

Kete ya Tunu ikaruka, ta! ta! ta! ta! Ikatua mwisho wa ubao. Kingi, kete inayokula mbele na nyuma! Kingi akageuka, akafagia zote zilizobaki. Fisi akakodoa macho, ubao mweupe.

"Oyooo!" Watoto wakamtwika ndoo. Angekataaje? Sheria si yake mwenyewe?

Na yule bibi aliyesema kushinda si kitu? Wee! Alipiga vigelegele mpaka kanga ikamvuka. "Mmemwona? Mjukuu wangu huyo! Wangu mimi!"

Basi shikeni hili, wanangu: mlafi usimpige, mlishe, ataanguka mwenyewe.